Msiiache hisabati mapema: barua ya wazi kwa vijana wetu waliokulia Ulaya

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote mlioko Hamburg na Rotterdam, Malmö na Brussels, London na Oslo. Ninyi ambao nyumbani mnasema Kiswahili na mama, na shuleni mnasoma kwa Kijerumani, Kiholanzi, Kiswidi, Kifaransa au Kiingereza. Asili zenu ni mbalimbali. Kuna wa Tanga kama mimi, kuna wa Mombasa, Unguja, Barawa, Bukavu na Bujumbura. Lakini ninyi ni vijana wa Ulaya vilevile: hapa mmejifunzia kusoma, na hapa wengi wenu mtafanyia kazi na kulea watoto. Mimi nimestaafu. Nilikuwa fundi umeme wa mitambo hapa Hamburg, na siku hizi huwasaidia watoto wa jamii yetu hisabati na fizikia baada ya shule. Katika kukaa nao nimeliona jambo linaloniuma, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Vijana wetu wengi huiacha sayansi kabla haijawashinda. Huiacha wakiwa na miaka 14, 15 au 16, siku ya kujaza fomu ya kuchagua masomo, na mara nyingi nyumbani hakuna aliyewaeleza fomu ile ina uzito gani. Baba anaitia sahihi asubuhi akitoka zamu ya usiku. Mama anauliza, "Umechagua vizuri?" Mtoto anaitikia. Basi, yamekwisha.

Kila nchi ina utaratibu wake. Uholanzi, mwanafunzi wa HAVO au VWO, zile sekondari zinazoelekea elimu ya juu, huchagua mkondo akiwa mwaka wa tatu. Anayechukua Natuur en Techniek, mkondo wa sayansi na ufundi, husoma fizikia, kemia na ile hisabati wanayoiita wiskunde B. Anayeikwepa kwa kuwa rafiki zake wote wameikwepa, baadaye atakuta vyuo vya uhandisi vinamtaka kwanza arudi akaisome. Uingereza, kijana wa miaka 16 huchagua masomo ya A-level, yaani ya miaka ya mwisho ya sekondari, kwa kawaida matatu tu. Matatu! Akiiacha hisabati hapo, kozi nyingi za uhandisi zimemtoka. Akiiacha na fizikia, zimemtoka nyingine zaidi. Sweden programu huchaguliwa baada ya darasa la tisa. Huku Ujerumani mambo huanza mapema mno: katika majimbo mengi mtoto anapomaliza darasa la nne, na umri wake ni miaka tisa au kumi, shule hutoa pendekezo kama aende Gymnasium, sekondari inayoelekea chuo kikuu, au shule ya aina nyingine. Berlin na Brandenburg husubiri hadi la sita.

Ombi langu kwenu ni hili: hisabati na fizikia mzishike mpaka mwisho wa shule. Hata kama hamjajua mnataka kazi gani. Hasa kama hamjajua. Mwenye hisabati akiamua akiwa na miaka 19 kusomea sheria, muziki au biashara, hakuna atakayemzuia. Aliyeiacha, akitaka kusomea uhandisi wa umeme, ndiye atakayerudishwa nyuma.

Najua mtakalonijibu. "Babu, mimi si mtu wa hesabu."

Nimewachunguza wasemao hivyo. Wengi wao ukiwapa hesabu ya namba tupu wanaikokotoa vizuri. Wanakwama kwenye hesabu za maelezo, zile za treni mbili zinazofuatana, au za mfanyabiashara aliyepunguza bei kwa asilimia fulani kisha akaipandisha tena. Kinachowakwamisha ni Kijerumani cha kitabuni, ambacho mtoto wa wazazi waliosomea huku amekisikia tangu utotoni mezani kwao, na wewe unakutana nacho darasani. Mwalimu anaandika nne kwenye ripoti (huku moja ndiyo alama ya juu), nawe unaisoma kama hukumu juu ya akili yako. Hiyo si hukumu. Ni dalili ya kazi ambayo haijafanywa, na inaweza kufanywa. Uwe na daftari la maneno ya somo. Kila neno la hisabati au fizikia linalokusumbua liandike, lieleze kwa maneno yako mwenyewe, Kiswahili kikikusaidia tumia Kiswahili, kisha tunga hesabu yako moja inayolitumia. Kazi hii inachosha mwanzoni. Lakini nimewaona waliodumu nayo muhula mzima wakianza kunyosha mkono darasani.

Na kunyosha mkono ni nusu ya sayansi. Watoto wetu wamefunzwa heshima, wananyamaza mbele ya mkubwa, na heshima hiyo sitaki ipotee. Ila mwalimu wa huku akikuona kimya hudhani hujui au hutaki. Mwaka 1963, kwetu mkoani Tanga, katika shule ya sekondari ya Magamba, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliuweka mchanganyiko wake kwenye friza ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliokuwa umepoa. Alipouliza sababu, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, shule ilitembelewa na Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akamwuliza swali lilelile, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe. Msaidizi wa maabara akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo, wapo walioliona katika majaribio yao na wapo ambao hawakuliona, na katika mabishano yote hayo linaitwa kwa jina la yule mwanafunzi aliyechekwa.

Wengine mnaniambia sayansi ya Ulaya ina wenyewe. Mtazameni Uğur Şahin. Alizaliwa İskenderun, Uturuki, mwaka 1965, akaletwa Ujerumani akiwa na miaka minne, baba yake akifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford, Köln. Alipomaliza shule ya msingi, mwalimu alipendekeza aende Hauptschule, shule ambayo kwa kawaida haimfikishi mtoto chuo kikuu. Jirani yao Mjerumani akaingilia kati, mtoto akapelekwa Gymnasium. Akasomea udaktari, akajikita katika utafiti wa saratani na kinga ya mwili, na mwaka 2008 yeye na mkewe Özlem Türeci, binti wa daktari aliyetoka Uturuki, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa BioNTech huko Mainz. Chanjo yao ya Uviko-19, waliyoitengeneza pamoja na Pfizer, iliidhinishwa Uingereza tarehe 2 Desemba 2020. Msingi wa chanjo ile uliwekwa kwa sehemu kubwa na Katalin Karikó wa Hungary, binti wa mchinjaji, aliyekulia nyumba isiyo na maji ya bomba. Alinyimwa fedha za utafiti mara nyingi, akashushwa cheo, hakuacha. Mwaka 2023 alipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Drew Weissman.

Mimi humfikiria sana yule jirani. Hakujua anaisaidia dunia. Aliona mtoto wa jirani anaonewa, akasema. Jamii zetu zina watu wazima wengi wanaojua lugha ya huku vizuri. Msiwaache wazazi wenzenu waende peke yao kwenye mkutano wa mwalimu.

Wasichana, nina neno lenu. Kwetu msichana akifanya vizuri biolojia, ukoo mzima unaamua atakuwa nesi. Nimelazwa, nimeuguzwa na mabinti zetu, kazi ile naiheshimu kwa moyo wote na anayeipenda aifanye. Lakini aichague yeye. Maggie Aderin-Pocock alizaliwa London kwa wazazi kutoka Nigeria, kusoma kulimpa taabu kwa sababu ya disleksia, na alihamahama shule. Alipomwambia mwalimu anataka kwenda angani, alishauriwa afikirie unesi, kwa kuwa nao ni sayansi. Akasoma fizikia Imperial College, na baadaye akaongoza utengenezaji wa chombo cha kuchambua mwanga wa nyota kwa ajili ya darubini ya Gemini nchini Chile.

Sasa niwaambie kilichopo karibu na milango yenu, maana mnapita kando yake kila siku. Chini ya mitaa ya magharibi ya Hamburg, kutoka Bahrenfeld hadi Schenefeld, kuna njia ya European XFEL, mashine ya utafiti inayotoa leza ya eksirei, yenye urefu wa kilomita 3.4. Ilianza kazi mwaka 2017. Elektroni hukimbizwa humo ndani ya vyumba vya metali ya niobi vilivyopozwa hadi nyuzi -271, kisha hutoa mimweko ya eksirei hadi 27,000 kwa sekunde, na kwa mimweko hiyo watafiti wanaweza kuona molekuli zikibadilika katikati ya mmenyuko. Huko Veldhoven, Uholanzi, kampuni ya ASML inatengeneza mashine za kuchora chipu, na za aina ile ya kisasa kabisa hakuna kampuni nyingine duniani inayoziuza. Ndani yake matone madogo ya bati lililoyeyushwa hupigwa na leza mara 50,000 kwa sekunde, yakatoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5. Mwanga huo humezwa na hewa, humezwa na kioo, kwa hiyo yote hufanyika kwenye ombwe, na badala ya lenzi hutumika vioo vya kuakisi vilivyong'arishwa na Zeiss huko Ujerumani. Leza zinatoka Trumpf, nao ni Wajerumani. Chipu za simu zenu mpya zimepitia humo.

Mashine kama hizi hazisimamiwi na maprofesa peke yao. Zina wachomeleaji, mafundi wa pampu za ombwe, mafundi wa mabomba ya heliamu, waandishi wa programu, wapimaji. Mtu aliyeshika bisibisi maisha yake yote anawaambia haya: profesa huja na wazo, na fundi ndiye anayemwonyesha pale ambapo wazo lake linavuja.

Ndiyo maana asiyependa kukaa na vitabu asijione ametupwa. Ujerumani, Austria na Uswisi zina uanagenzi wa kweli, ule mnaouita Ausbildung: siku kadhaa kazini, siku nyingine shule ya ufundi, na unalipwa tangu mwezi wa kwanza. Ujerumani imeweka kisheria kima cha chini cha malipo hayo tangu 2020. Fundi wa mekatroniki husoma miaka mitatu na nusu, anaweza kuendelea hadi cheo cha Meister, yaani fundi mkuu, na Meister anaruhusiwa kuingia chuo kikuu hata kama hana Abitur, cheti cha sekondari cha kuingilia chuo kikuu. Wazazi wetu wengi hawalijui hili. Wanadhani Ausbildung ni mwisho wa elimu, wanamlazimisha kijana kwenye kozi ya chuo asiyoitaka, anaiacha mwaka wa pili, anaishia kwenye ghala la vifurushi.

Wenye makaratasi yasiyokamilika, msikate tamaa kabla ya kuuliza. Tangu 2016 sheria ya Ujerumani inampa kijana aliyekataliwa hifadhi, akitimiza masharti, nafasi ya kubaki hadi amalize uanagenzi wake, kisha miaka miwili ya kufanya kazi. Masharti ni mengi. Nendeni kwa washauri wa wahamiaji mapema, kabla ya kusaini mkataba wowote.

Siwafichi kwamba ubaguzi upo. Kuna barua ya maombi itakayorudishwa kwa sababu ya jina lililoko juu yake, na inaumiza, hasa ukijua kwamba alama zako zilitosha. Andika nyingine. Omba kufanya kazi ya majaribio, wiki moja au mbili, kwa sababu mkuu wa karakana akishaona mikono yako ikifanya kazi, jina anakuja kulijua akiwa tayari anakutaka.

Na ninyi mlioiacha hisabati zamani, mkawa na miaka 23 au 30, barua hii ni yenu pia. Sweden kuna Komvux, shule za watu wazima ambako mnaweza kusoma upya masomo ya sekondari. Uingereza kuna Open University, iliyoanzishwa 1969, na kozi zake nyingi hazidai vyeti vya awali. Ujerumani kuna shule za jioni za kutafutia Abitur. Itawagharimu miaka, tena mkiwa kazini na pengine mna watoto. Waambieni ndugu nyumbani Afrika ukweli, kwamba kwa muda fedha mnazotuma zitapungua. Anayewapenda ataelewa.

Mwisho niseme na mliokwisha ingia: mlioko maabara, karakana, kampuni za programu, mitambo ya upepo ya Bahari ya Kaskazini. Tangu 2001 Ujerumani ina Girls' Day kila mwaka, siku ambayo kampuni na vyuo hupokea wasichana wa shule waone kazi za kiufundi. Mwulizeni mkuu wenu kama mahali penu panashiriki. Kama hapashiriki, jitoleeni kuwapokea ninyi. Kisha pelekeni habari msikitini, kanisani na kwenye vikundi vyetu vya simu, majina ya watoto yakusanywe mapema, maana nafasi hujaa. Anayehitaji mtu wa kumsindikiza kwenye mkutano wa mwalimu, au wa kukaa naye na fomu kabla haijatiwa sahihi, aulize jamii yetu hapa Hamburg. Nipo, na wenzangu kadhaa wastaafu wapo.

Babu yenu,
Hamburg