Lenzi Msizilaumu Bure

Mhariri, naomba kanafasi. Wapiga picha za ndege (eropleni) wakiona picha ya lenzi ndefu imetoka ukungu ukungu wanasema lenzi mbovu, kumbe mara nyingi tatizo ni hewa tu, saa nane mchana lami ya uwanja wa ndege inatoa joto, hewa inachezacheza, ukikuza picha unakuta namba za usajili ubavuni zimepindapinda kama ziko chini ya maji. Hapo lenzi ghali haisaidii jamani, sogea karibu au piga asubuhi. Bado tu? Toa ile filta ya bei chee (kile kioo cha mbele ya lenzi), jeti iwekee shata, yaani muda kamera inaofungua jicho, ya 1/1000 ya sekunde (ndege za pangaboi hapana, panga litaonekana limeganda), halafu kamera kwenye stendi upige kitu cha karibu kilichotulia. Nacho kikitoka ukungu, ndo umwone fundi.

Msomaji wenu