Kaizen siyo semina wala stika ya ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hili neno kaizen, maana sasa hivi limeenea kweli, viwandani lipo, hospitali lipo, maofisini limebandikwa ukutani, lakini muulize mfanyakazi wa kawaida atakwambia ni semina ya Wajapani au ni kufanya usafi. Mimi ni fundi, niko karakana ya kuchomelea na kuchonga vyuma hapa Dar, na hili jambo linanigusa kabisa.

Kwa Kijapani ni neno la kila siku tu, kai ni kubadili na zen ni uzuri, yaani unabadili kitu kiwe bora. Wenyewe wanalitumia popote, mgonjwa akipata nafuu ni kaizen, nchi mbili zilizonuniana zikianza kuelewana ni kaizen, hata mtu akibadili ulaji wake presha ishuke wanasema hivyo hivyo. Sisi limetufikia kwa njia ya viwanda, kwa sifa za Toyota na kile kitabu cha kaizen cha Mjapani Masaaki Imai cha 1986, ndo maana tukadhani ni mambo ya mameneja.

Kumbe kuna kaizen ya jikoni, na hii ndo ningependa watu waijue zaidi. Baada ya vita kuu ya pili vijijini Japani maisha yalikuwa magumu sana, basi kuanzia 1948 serikali ikawa inapeleka akina mama wataalamu, sisi tungewaita mabibi maendeleo, wanaingia majumbani wanakaa na wanawake wanawauliza nini kinawachosha. Moja ya vitu vya mwanzo kabisa ikawa ni jiko, maana lilikuwa chini, mama anainama kutwa nzima, moshi wote machoni na kifuani. Wakaliinua apike kasimama, wakaliwekea bomba la kutolea moshi nje. Halafu wanawake wenyewe wakawa wanakaa vikundi wanajadili waguse nini tena. Hapo hakuna kiwanda hata kimoja, ila ni kaizen kabisa.

Na hapa kwetu siyo kwamba hatujaweza. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza na 5S, yaani hatua tano za kupanga sehemu ya kazi ambazo ndo mwanzo wa kaizen, mwaka 2007 kwa msaada wa Japani, baadae zikafuata hospitali zingine nyingi, na zile S tano zikapata Kiswahili kizuri tu: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Karakana kwetu zamani spana zote zilikuwa kwenye dumu lililokatwa, ukitaka namba 13 unamwaga chini dumu zima mteja anakuangalia. Kijana mmoja msaidizi, hata cheti hana, akachukua kipande cha plaiwudi akapigilia misumari, akatundika spana moja moja na kuchora umbo la kila moja kwa maka peni, sasa jioni ukipita ukaona umbo liko tupu unajua kabisa ipi haijarudi na unaanza kuulizia kabla watu hawajaondoka. Hakuna aliyemtuma, alichoka tu kutumwa spana akaambulia kutukanwa.

Sasa nenda ofisi nyingine, na nilienda moja mwaka huu, bango la kaizen liko mlangoni zuri tu, ndani unapanga foleni dirisha la kwanza kuchukua fomu, unaenda la pili kulipia, halafu unarudi tena la kwanza foleni upya kugongewa muhuri, wazee wamesimama, mama ana mtoto mgongoni. Yule dada wa dirisha la pili akaniambia sisi tulishasema huu muhuri uhamie huku kwangu, hakuna anayetusikiliza. Sanduku la maoni lipo hapo hapo, kufuli limeshika kutu. Huyo dada ndo anayejua tatizo na dawa yake anayo, tena haigharimu hata shilingi, ila semina ikija anaenda bosi wake.

Toyota wana utaratibu wa kupokea mawazo ya wafanyakazi tangu 1951, na pale kwenye laini ya kuunganisha magari mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaruhusiwa kuvuta kamba aombe msaada, ikishindikana laini inasimama. Mfanyakazi anaaminiwa, na hicho ndo kitu ambacho hakibandikwi ukutani.

Ombi langu kwa wizara na wale wanaofundisha kaizen, msiishie viwanda vikubwa na kumbi za hoteli. Njooni na huku, gereji za mtaani, karakana, mafundi seremala wa Keko, akina mama wa vyerehani, na mje saa za kazi msimame na sisi kwenye mashine, mumuulize kwanza anayeshika spana.

Fundi wa karakana,
Dar es Salaam