Kipindi cha pembetatu mraba kimehamia Jumamosi

Habari zenu wanakikundi,

Ijumaa haitawezekana, chumba kina mtihani. Tukutane Jumamosi saa 4:00 asubuhi, chumba kilekile cha maktaba, hadi saa 6:00.

1. Njooni na kikokotoo kikiwa kwenye digrii. Pima kwa saini (sin) ya 30: ikileta 0.5 uko sawa, ikileta -0.988 kipo kwenye radiani (kipimo kingine cha pembe), na majibu yote ya pembe yatapotoka.

2. Fanyeni hili kabla: pembetatu mraba (yenye pembe ya digrii 90) ina kiegema, yaani upande unaotazamana na pembe hiyo, cha 17, na upande mmoja 8. Tafuteni upande wa tatu na pembe mbili zilizobaki. Upande ni kipeuo cha pili cha 17² − 8², yaani cha 289 − 64, ambacho ni 15. Wengi hujumlisha hapo, wakapata upande mrefu kuliko kiegema, jambo lisilowezekana! Kwa pembe inayotazamana na 8, tumieni kinyume cha saini (sin⁻¹) cha 8/17: kama digrii 28.1. Ya pili msiihangaikie, toeni tu kwenye 90.

3. Nahitaji wawili wa kuchora ubaoni.

Tafadhali andikeni "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi jioni. Asanteni.