Mama, si kwera

Pune, India, 9 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, masomo yanakwenda, ila mvua za huku zimetukomesha. Nguo nikifua Jumatatu zinakauka Alhamisi, na hata zikikauka zinanuka kama gunia la mkaa lililolala nje. Nisalimie baba, bibi na majirani wote hapo Muheza.

Sasa tumalize ule ubishi. Siku ile niliposema kwenye simu kwamba huku kuna ndege anashona, ulicheka mpaka wateja wako wakauliza kuna nini. Ukasema, "Huyo kwera tu, unamkuza." Si kwera, mama. Kwera anasuka, anapitisha majani huku na huku kama bibi na ukili wake. Huyu anachukua jani bichi likiwa bado kwenye mti, analitoboa kwa mdomo, anapitisha uzi. Wenyeji wa hapa, Wamarathi, wanamwita shimpi, na shimpi kwao ndiye fundi wa nguo. Nimemwona mwezi mzima, hatua tatu kutoka kitandani kwangu.

Ilikuwa hivi. Mama mwenye nyumba kapanda mibilinganya kwenye madebe ya rangi, barazani juu, pale pale ninapoanika nguo. Mwishoni mwa Juni nikaanza kuamshwa na kelele: tuwit-tuwit-tuwit, haina kituo. Kwa sauti ile nilidhani ndege wa ukubwa wa njiwa. Nafungua mlango, kumbe kitu kidogo, hakimzidi sana chozi, sentimeta 13 na mkia ndani yake. Uzito wake wote haufiki gramu 10. Utosini ana rangi ya kutu, mgongoni kijani cha jani lililopigwa vumbi, tumboni weupe wa shuka lililofuliwa mara nyingi. Mdomo mrefu, mwembamba, umepinda kidogo kwenye ncha, na mkia kausimamisha wima muda wote kama mtu aliyekasirika. Akiimba, shingo inatuna na pande zake mbili yanatokeza mabaka meusi. Akinyamaza huyaoni.

Dume unamjua kwa mkia, maana msimu wa kuzaa manyoya mawili ya katikati yanarefuka. Niliyemwona mimi kazi yake ilikuwa kuimba na kugombana na shomoro. Aliyeshona ni jike. Ulivyokuwa ukituambia kuhusu mafundi wanaume wa sokoni sikurudii hapa, baba asije akasoma.

Mshono wenyewe sasa. Alichagua jani moja pana la mbilinganya, akalikunja kingo zikutane, kikawa kama kikoba kinachoning'inia. Akatoboa kitundu ukingo huu, kitundu ukingo ule. Vitundu vidogo mno, ndiyo maana jani halikunyauka, liliendelea kuwa kijani kama mengine, na upande wa juu wa jani umebaki nje. Ukipita hujui kama kuna nyumba. Uzi wake ni utando wa buibui, nyuzi za mimea, na chochote anachookota. Na hapa ndipo ninapokutaka wewe: hafungi fundo! Uzi ukishatokea upande wa pili anauacha uchambuke, ncha ivimbe, ishike kama ribiti. Si mshono mmoja mrefu unaokwenda mbele, kila tundu lina ribiti lake, kwa hiyo moja likikatika mengine yanabaki. Wewe ulitupiga rula kwa kuacha uzi bila fundo.

Ndani akajaza pamba. Huku kuna mti mkubwa wenye maua mekundu, ndugu wa msufi wetu, na sufi yake ndege hawa wanaipenda kwa kutandikia. Mti huo ukichanua, wanaingia kwenye maua kutafuta wadudu na asali, wanatoka na vumbi la njano kichwani kama waliopakwa manjano.

Alitaga mayai matatu, akaatamia kama siku kumi na mbili. Nikahamisha kamba ya nguo, mama mwenye nyumba akasamehe bilinganya za debe lile. Alinieleza kuna ndege mwingine wa kijivu, mvivu, hutaga yai lake kwenye kiota cha hawa, nao wakalea mtoto mkubwa kuliko wao. Kwetu hakuja. Vifaranga vilipoanguliwa, wazazi wote wawili walileta viwavi na wadudu kutwa nzima, hata kwenye mvua ile. Juzi vikatoka, kimoja kikaangukia kwenye ndala yangu, kikakaa humo kama dakika kumi hivi, kisha kikaruka.

Na usiseme haya mambo ya Uhindini tu. Huko juu kwetu Amani yuko mmoja wa ukoo huo huo, mwenye mdomo mrefu, ambaye anajulikana Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji, basi. Jina lake la kisayansi limetokana na Moreau, mtafiti wa ndege aliyekuwa akifanya kazi pale Amani enzi za Waingereza. Nimekuja kulisoma Pune, mimi niliyezaliwa chini ya mlima ule.

Jani nimelikata leo baada ya kuhakikisha hawarudi. Nimelikausha, liko ndani ya boksi la viatu, nitakuja nalo Desemba ulikague kwa miwani yako. Utaona katika matundu matatu uzi si wa buibui, ni wa buluu. Ule ni uzi wako. Lile shati la kitenge ulilonishonea lilikuwa kambani wiki ile yote, na pindo la mkono wa kushoto lilikuwa limeanza kuachia. Nilimkuta ameuma uzi anarudi nyuma, anavuta. Sikumfukuza.

Shati nalo nitakuja nalo, mkono mzima umefumuka.

Mwanao