Sungura anayechimba zulia hastahili kofi

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba sungura wa ndani akiguguna samani apigwe kofi la pua, kisha afungiwe kizimbani mpaka aache. Naomba nafasi niupinge ushauri huo, maana kuna watakaoufuata na mnyama ataumia.

Mifupa ya sungura ni myepesi mno ukilinganisha na nguvu ya miguu yake ya nyuma. Akikurupuka na kurusha teke huku ameshikwa vibaya, anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Na hilo kofi halimfunzi lolote zaidi ya kukuogopa wewe. Ukitoka tu chumbani, anarudi palepale.

Mimi nafuga wawili sebuleni, jike na dume aliyehasiwa. Jike ndiye mchimbaji. Kona yake iko nyuma ya kochi: anaparua haraka haraka kwa miguu ya mbele, anasita, anageuka na kuusukuma mbali udongo ambao haupo, halafu anang'ata nyuzi za zulia na kuzing'oa moja moja. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Sungura wote wanaofugwa wametokana na sungura pori wa Ulaya, wanaoishi kwenye mashimo, na huko majike ndio wachimbaji wakubwa. Jike asiyeondolewa kizazi anaweza hata kupata mimba ya uongo ya siku 16 hadi 18, akawa ananyonyoa manyoya ya kifuani na kuchimba usiku kucha akitafuta pa kuzalia. Mtu atampigaje kofi kwa hilo?

Mimi nilimwekea katoni pana yenye kuta ndefu palepale kwenye kona yake. Si upande wa pili wa chumba, palepale. Ndani kuna udongo usio na mbolea wala dawa, na karatasi zilizochanwa, na chini kabisa nafukia vipande vya majani anayoyapenda. Anachimba humo mpaka pua inageuka rangi. Zulia nimelifunika kwa mkeka mgumu, kwa sababu nyuzi zikimezwa zinaweza kuziba utumbo, na sungura hawezi kutapika.

Kuhusu kuguguna, meno yake hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele hurefuka milimita 2 hivi kila wiki. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kumpa kipande cha mbao, nacho ni kizuri kama hakina rangi wala dawa, lakini magego yaliyo ndani kabisa husagwa na nyasi kavu. Nyasi kavu ziwepo usiku na mchana, na ziwe ndiyo sehemu kubwa kabisa ya mlo wake. Sungura anayeshindia chakula cha punje hushiba upesi, kisha mdomo unabaki bila kazi, na miguu ya meza iko karibu.

Nyaya za umeme hazina mjadala. Zifichwe ndani ya bomba gumu la plastiki au zipandishwe juu asikofika. Kwake waya ni mzizi uliomzibia njia, na anaukata kwa ng'ato moja, tena mara nyingi alfajiri au magharibi, saa ambazo sungura huchangamka zaidi. Dawa chungu za kupaka huwafukuza baadhi yao tu. Wengine hulamba na kuendelea.

Kizimba cha kutwa nzima ndicho kinachonikera zaidi. Mnyama aliyeumbwa kukimbia akikosa nafasi atatafuna nondo za kizimba chenyewe mpaka meno yapinde. Mwachie sehemu iliyozibwa hatari, mpe na mwenzake, uone atakavyotulia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba umwalike daktari wa mifugo aliyezoea sungura aeleze upasuaji wa kuhasi dume na wa kuondoa kizazi cha jike. Kwa wengi hupunguza kuchimba na kutafuna, na kwa jike huondoa hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo huwapata wengi wakizeeka. Aeleze pia kwamba sungura hanyimwi chakula kabla ya upasuaji kama afanyiwavyo mbwa, kwa sababu wenye sungura wengi hawalijui hilo, na tumbo lake likisimama kufanya kazi maisha yake yako hatarini.

Msomaji wako,
Mfugaji wa sungura wa ndani