Kwa wahadhiri wa sheria mnaoitwa serikalini

Wanangu mnaofundisha sheria,

Njia ya kutoka darasani hadi wizarani ni fupi kuliko mnavyodhani. Ibara ya 55 ya Katiba ya Tanzania inataka waziri awe mbunge, na Ibara ya 66 inampa Rais nafasi 10 za kuteua wabunge. Msomi asiye na jimbo hupitia hapo. Profesa Palamagamba Kabudi aliteuliwa mbunge Januari 2017, na Machi akakabidhiwa Wizara ya Katiba na Sheria. Mkiingia hivyo, tafuteni jimbo mapema. Kabudi alishinda Kilosa 2020. Alipoachwa nje ya Baraza la Mawaziri Januari 2022 bado alikuwa na kiti na sauti bungeni, na Agosti 2024 akarudi wizarani.

Jambo linalonitia hofu zaidi juu yenu ni maandiko yenu. Kabudi alikuwa mjumbe wa Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya Katiba mpya, ambayo rasimu yake ya pili, iliyokabidhiwa Desemba 30, 2013, ilipendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Bunge Maalumu la Katiba, lililoijadili rasimu hiyo, likarudisha mbili, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa. Miaka miwili baadaye mjumbe yuleyule ndiye waziri wa Katiba, katika serikali iliyosema wazi kuwa Katiba mpya si kipaumbele chake. Hapo kila neno alilowahi kulitetea lilisomwa upya. Nanyi mtasomwa hivyohivyo, kwa kuwa Ibara ya 53 inawafanya mawaziri wawajibike kwa pamoja bungeni. Huwezi kusema "hayo si maoni yangu". Kwa hiyo kabla ya kuapa, toa makala zako zote, pigia mstari kila hoja inayogongana na msimamo wa serikali, na uamue ipi utaibeba ndani ya Baraza na ipi ikikataliwa utajiuzulu. Ukishaapa, muda wa kufikiri hivyo kwa utulivu hautakuwepo.

Kalamu ya msomi ikiungwa mkono na Rais hufanya makubwa. Mwaka 2017 Kabudi aliwasilisha sheria za kulinda maliasili na kuruhusu mikataba yenye masharti hasi ijadiliwe upya, kisha akaongoza mazungumzo na Barrick, kampuni ya uchimbaji dhahabu, yaliyozaa kampuni ya Twiga, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Ila miswada ile ilikwenda kwa hati ya dharura, yaani ilipitishwa bungeni kwa haraka kuliko kawaida. Itumieni kwa uchache sana: inakata muda wa wadau kutoa maoni mbele ya kamati, na kasoro ambazo wangezionyesha hubaki ndani ya sheria.

Jueni pia kwamba waziri haandiki muswada. Waraka wa kuomba sheria itungwe hupita kwa makatibu wakuu, kisha Baraza, na waandishi wa sheria wa Mwanasheria Mkuu ndio huandika. Muswada husomwa mara tatu, na kati ya mara ya pili na ya tatu Kamati ya Bunge Zima huupitia kifungu kwa kifungu. Maprofesa hukwama hapo: mbunge analeta jedwali la marekebisho anayotaka kwenye muswada, waziri anatoa mhadhara badala ya kusema anakubali au anakataa na kwa nini. Jizoezeni kujibu kwa dakika mbili.

Na fedha za wizara msizishike. Afisa masuhuli, yaani anayewajibika kwa matumizi ya fedha hizo, ni katibu mkuu. Agizo la malipo lenye utata mpeni kwa maandishi, na nakala ibaki kwenye jalada.