Kiwanja cha Skeiti Kimefungwa, Watoto Wamehamia Barabarani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wakaazi wa mjini Unguja tunaliona kila siku baada ya sala ya alasiri, na ambalo siku hizi linajadiliwa mabarazani kwa maneno makali. Nakusudia vijana wanaoteleza barabarani kwa viatu vya magurudumu, ambavyo wenyewe huviita skeiti. Wapo wanaotaka wafukuzwe, na wapo wanaotaka wanyang'anywe viatu vyao. Mimi nataka kueleza walikuwa wapi kabla ya kufika barabarani, kwa sababu naona kisa hicho kimesahauliwa upesi mno, na jawabu la tatizo lenyewe limo ndani yake.

Upande wa Funguni, si mbali na ninapokaa Malindi, lipo ghala kuukuu ambalo paa lake liling'oka miaka mingi iliyopita na halikuezekwa tena. Zimebaki kuta nne, lango la chuma na sakafu. Sakafu hiyo haina mfano katika sehemu za wazi ninazozijua hapa mjini: ilimwagwa saruji nzito ili ihimili magunia, kisha ikasuguliwa na nyayo za wachukuzi na magurudumu ya magari ya hamali mpaka ikawa laini kama kaure. Imetiwa mwinamo kidogo upande mmoja, kwa hivyo mvua ikinyesha maji hayatuami, na jua likitoka haichukui muda kukauka.

Vijana sita au saba wa mtaani, waliokuwa na jozi nne za skeiti za mtumba, walimwomba mlinzi wa ghala ruhusa, wakafagia vipande vya mabati na majani makavu, wakaanza kucheza. Mwanzoni walikuwa wakipokezana viatu. Niliwaona ndugu wawili wamegawana jozi moja, mmoja amevaa wa kulia na mwengine wa kushoto, kila mmoja akijisukuma kwa mguu wake uliobaki. Mwaka wa pili niliwahi kuhesabu watoto zaidi ya 40 jioni moja. Walikuwa wamechora duara kubwa kwa chokaa: wanaojifunza walikaa ndani ya duara, wenye mbio walizunguka nje yake, na wote walikwenda upande mmoja, kinyume na mshale wa saa. Adhana ya magharibi ikisikika viatu vilivuliwa, na mwezi wa Ramadhani hawakukanyaga pale mpaka baada ya tarawehe. Mama mmoja aliweka meza ya mihogo ya kukaanga na juisi ya ukwaju nje ya lango, akasomesha watoto wake kwa biashara hiyo. Hakuna mtu mzima aliyewapangia taratibu zile. Walizipanga wao.

Ikaendelea hivyo kwa miaka mitatu, hadi siku ambayo mtoto mmoja alianguka akavunjika kifundo cha mkono. Wenye dhamana ya ghala wakatia mnyororo langoni, na baadaye yakaingizwa humo magari mabovu yaliyopo mpaka leo. Sina haja ya kumlaumu mtu kwa jina, na hofu yao naielewa, kwani mwenye jengo huogopa kuulizwa. Lakini haikupita wiki moja kabla ya kuwaona watoto wale wale kwenye Barabara ya Malawi, katikati ya malori yanayokwenda na kutoka bandarini, wengine wameshika nyuma ya gari za abiria wakiburutwa. Mjukuu wangu alikuwa mmoja wao. Ghalani mkono mmoja ulivunjika katika miaka mitatu. Barabarani, katika miezi minne ya mwanzo, nimekwenda hospitali mara mbili na watoto wa jirani zangu.

Niruhusu, Mhariri, nieleze kwa nini jambo hili limenigusa kuliko wazee wenzangu. Nilikuwa baharia. Mwaka 1986 nilishuka melini nikakaa Brooklyn, New York, miaka tisa, nikifanya kazi jikoni kwenye mkahawa. Mwenzangu mmoja wa kazini, mtu wa Trinidad, alinichukua usiku mmoja hadi mtaa wa Crown Heights, kwenye kiwanja cha skeiti kilichoitwa Empire. Nilikuwa nikidhani mchezo huo ni wa watoto. Nilichokikuta ni mamia ya watu wazima, wengi wao weusi, wauguzi, madereva, mafundi bomba, wakizunguka kwenye sakafu ya mbao kwa mwendo mmoja kama jahazi nyingi zilizoshika upepo mmoja, na aliyekuwa hajui anasogezewa mkono na asiyemjua. Sikuwahi kuteleza vizuri, lakini nilirudi mara nyingi, kwa sababu kwa mgeni asiye na ndugu pale palikuwa na ukunjufu unaofanana na wa barazani kwetu.

Kiwanja kile kilifunguliwa mwaka 1941, jirani na uwanja wa Ebbets Field ambako timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers ilicheza hadi mwaka 1957. Mwaka huo huo wa 1957 ndipo Bill Butler, anayehesabiwa kuwa bingwa wa kuteleza kwa kufuata mdundo wa muziki, alipoanza kwenda pale, wakati ambapo watu weusi walikuwa wakitengewa usiku wao maalumu katika wiki. Kutokana na mtindo huo ikazuka katika miaka ya 1970 dansi ya magurudumu iliyoenea dunia nzima. Empire ilifungwa mwaka 2007. Nilikuwa nimesharejea nyumbani, na rafiki yangu wa Trinidad alinipigia simu akizungumza kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Nilimwuliza watu watakwenda wapi. Akaniambia wengine wataacha, na wengine watakwenda kuzunguka Central Park, bustani kubwa ya New York. Huko walikuwapo wacheza skeiti wa miaka mingi ambao, baada ya kusumbuana na wakuu wa mji, walianzisha chama chao mwaka 1995, na tangu hapo wanacheza kwa utaratibu, kwenye duara lao linalojulikana. Serikali ya mji na wachezaji walikaa wakasikilizana, na barabara zikabaki kwa ajili ya magari.

Nimejifunza pia kwamba viwanja hivi viligombaniwa kwa sababu watu waliviona kuwa ni haki. Mjini Chicago kilikuwapo kiwanja cha White City, ndani ya mtaa ambao wakaazi wake wengi walikuwa weusi, na bado watu weusi walizuiwa mlangoni kwa kisingizio kwamba ni klabu ya wanachama. Mwaka 1946 jumuiya ya kupigania usawa iitwayo CORE ilikwenda kuandamana mbele ya mlango huo mpaka ukafunguliwa kwa wote. Na mwaka 1963, mcheza skeiti wa Chicago aitwaye Ledger Smith aliteleza kwa viatu vyake hadi Washington, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,100, kwa muda wa siku kumi, ili ahudhurie maandamano ya kudai haki za watu weusi ya tarehe 28 Agosti ambayo Martin Luther King alihutubia. Ninawatajia hawa wale wanaosema kwamba mchezo huu ni wa wahuni wasio na la kufanya.

Wala si mchezo wa jana. Mmarekani James Plimpton ndiye aliyetengeneza, mwaka 1863, kiatu cha magurudumu manne chenye mpira chini ya bamba, ambacho mvaaji akiegemea upande mmoja nacho hupinda kufuata upande huo. Kabla yake viatu vilikuwapo, lakini kukata kona ilikuwa kazi kubwa. Mwaka 1866 Plimpton alichukua ukumbi wa kulia chakula wa hoteli moja huko Newport akaugeuza kuwa kiwanja cha kutelezea, yaani miongoni mwa viwanja vya mwanzo vya mchezo huu kimo ambacho nacho kilikuwa jengo la kazi nyengine, kama ghala letu. Kisha mwaka 1884 mtu aitwaye Levant Richardson akapata hati ya uvumbuzi wa kutia gololi ndani ya magurudumu ya skeiti, na hapo mwendo ukawa mwepesi. Sisi tuliokulia Malindi gololi hizo tunazijua: tulikuwa tukiokota beringi chakavu kwenye magereji, tukazipachika kwenye ubao, tukashuka nazo vichochoroni kwa kelele zilizowaamsha wazee. Watoto wa leo wamezitia miguuni tu.

Na beringi ndiyo sababu ya kuitaka ile sakafu. Gurudumu la skeiti ni dogo, halifiki upana wa kiganja cha mtoto, kwa hivyo kokoto ambayo baskeli huipanda bila ya kuihisi hulisimamisha mara moja, na mwili ukaendelea mbele peke yake. Mchanga wa barabarani nao huingia kwenye gololi, ukichanganyika na chumvi ya upepo wa bahari beringi hushika kutu na kukwama ghafla mtu akiwa kwenye mbio. Nawaona vijana wakiziosha kwa mafuta ya taa na kuzitia mafuta ya cherehani usiku, na jioni ya pili zimeshakwama tena. Katika ghala, ambako walifagia kila siku kabla ya kuanza, beringi moja ilidumu miezi. Anayesema watoto hawa waache uzembe wakiwa barabarani anawataka waishinde barabara, na hilo haliwezekani.

Najua yapo masuala ya maadili, hasa kuhusu wasichana, na sitaki kuyapita kimya kwa sababu ni masuala ya haki. Wasichana wa mtaani kwetu walikuwa wakisimama langoni wakitazama tu, mpaka kaka zao walipowaachia siku ya Jumapili asubuhi. Hilo si geni Zanzibar. Walio na umri wangu wanakumbuka kwamba majumba ya sinema mjini yalikuwa na maonesho ya wanawake peke yao, na mama zetu walikwenda wamejipamba, bila ya mtu kuona aibu. Siku maalumu kwa wasichana, na mama wawili watatu wakiwa langoni, inatosha kabisa. Barabarani siku hiyo haiwezi kupatikana, na ndiyo maana tangu ghala lifungwe sijamwona msichana hata mmoja aliyevaa skeiti.

Nitaambiwa pia kwamba watoto wana viwanja vya kufurahishia, Kariakoo hapa Unguja na Tibirinzi kule Chake Chake. Ni kweli, na ni neema, lakini bembea ni za wadogo, na kijana wa miaka 15 asiyecheza mpira wa miguu hana pa kwenda. Nchi jirani imeonesha ambako mchezo huu unaweza kufika. Msumbiji wana mpira wa magongo unaochezwa juu ya viatu vya magurudumu, na katika mashindano ya dunia ya mwaka 2011 huko San Juan, Argentina, timu yao ilishika nafasi ya nne, nyuma ya Hispania, Argentina na Ureno. Miaka miwili baadaye mashindano hayo yakafanyika Angola. Sisemi kwamba Funguni itatoa mabingwa wa dunia. Nasema tu kwamba Waafrika wenzetu walijenga sakafu, wakawatia watoto wao humo, na leo wana timu ya taifa.

Kwa hivyo ombi langu kwa wenye dhamana ya ghala, kwa sheha wetu na kwa Baraza la Manispaa ni kwamba wakae pamoja na vijana hawa kabla ya kutoa amri yoyote ya kuwafukuza barabarani. Paa halihitajiki. Yanahitajika mabomba ya kushikilia kando ya ukuta kwa wanaojifunza, kofia ngumu na vikinga magoti vya kuazimana, sanduku la huduma ya kwanza, na karatasi ya ridhaa itakayosainiwa na mzazi ili mwenye jengo asibebe lawama peke yake. Vijana wenyewe wamekubali kuchangia kila mwezi kwa ajili ya usafi, na fundi mmoja wa kuchomea vyuma amejitolea kutengeneza hayo mabomba iwapo atapatiwa vifaa.

Nimeshazungumza na wazee wenzangu wanne wa mtaani. Tuko tayari kukaa langoni kwa zamu kuanzia baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi, na wake zetu wamekubali siku ya wasichana. Tunaomba magari mabovu yaondoshwe, na ufunguo wa lango akabidhiwe sheha ili sisi tuuchukue kwake kila siku na kuurudisha usiku.

Wako mtiifu,

Baharia mstaafu,
Malindi, Unguja